Waya Uliokatika Ndani ya Ngozi

Gari la seremala lilikuwa kuukuu kuliko ndoa yake. Zamani watu walikuwa wakilisimamisha njiani ili walipapase tu. Dashibodi yake ya mbao aliichonga upya kwa mkono wake mwenyewe. Ila lilikuwa na kilema kimoja: lilizimika lipendavyo. Ukilipeleka gereji linanguruma kwa raha, kama mtoto anayeumwa tumbo asubuhi na kupona kengele ya shule ikishalia. Mafundi walibadilisha betri, wakabadilisha koili, wakabadilisha plagi, na kila mmoja aliapa kuwa sasa mambo shwari.

Kisha binti yake akashikwa na uchungu alfajiri. Walimlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mama yake. Katikati ya mlima wa hospitali, taa za wodi zikionekana kule juu, gari likazimika. Seremala alizungusha ufunguo hadi vidole vikafa ganzi. Starta ilizunguka, injini ikagoma. Barabara ilikuwa tupu, na damu ilikuwa imeshaloanisha kiti. Lilipokuja kuwaka, liliwaka lenyewe tu, kana kwamba halikufanya kitu. Madaktari walimwokoa mtoto mchanga. Binti hawakumuwahi.

Matanga yalipoanuliwa, ndugu walimwambia aliuze gari kama chuma chakavu. Mkewe hakusema neno. Alimlea mjukuu, akapika, akafua, na kila alipopita karibu na gari aligeuza uso. Seremala angeweza kustahimili matusi. Kimya kile ndicho kilichomkondesha.

Siku moja aliliondolea gari turubai alilokuwa amelifunika, akalipeleka kwa Tochi, fundi wa umeme wa magari, mwanamke wa makamo aliyepewa jina hilo kwa kuwa kila akiinama kwenye injini tochi ilikuwa menoni mwake.

"Nikikuwekea nyaya zote mpya litapona," Tochi alimwambia, "lakini hutajua lilikuwa linaumwa nini."

"Nataka kujua, fundi."

"Basi itabidi tulisubiri liumwe."

Akaunga taa ndogo ya kupimia kwenye koili inayozipa plagi umeme, akaupitisha waya wake dirishani, taa ikakaa mapajani mwake. "Likizimika tutaitazama hii. Ikibaki inawaka, umeme unafika na ugonjwa uko mbele. Ikizimika nayo, umeme unakatikia njiani."

Walizunguka mitaa. Walipita kwenye mashimo makusudi. Walisimama juani na injini ikiunguruma mpaka ikachemka. Taa haikupepesa. Seremala akapunguza mwendo.

"Tupande mlima wa hospitali," alisema.

"Mzee, si lazima."

"Ndiko linakoumwa."

Walipanda. Katikati ya mlima gari likatetema, likakohoa, likanyamaza. Taa nayo ikafa.

"Vuta breki ya mkono! Usiguse ufunguo!" Tochi alijipenyeza chini ya dashibodi, mgongo sakafuni, miguu ikining'inia nje ya mlango. Alizipapasa nyaya za swichi ya ufunguo mmoja mmoja, akiukunja na kuuachia. Kwenye waya mmoja taa ikawaka. Akauachia, ikazimika. Akaukunja tena, ikawaka.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mzee," alisema kwa sauti ya chini. "Shaba imekatika ndani, ngozi ya nje nzima. Likipata moto na kutikisika, ncha zinaachana. Likipoa, zinagusana. Hakuna aliyeweza kuuona huu kwa macho."

Seremala aliegemeza paji la uso kwenye usukani. "Kipande cha waya kama kidole," alisema. "Mwanangu amekufa kwa kipande kama kidole." Akalia kwa sauti, magari yakimpita na kumpigia honi.

Tochi aliunga waya mpya palepale. Gari likawaka kwa mguso mmoja.

Nyumbani alimweleza mkewe yote. Mkewe alimsikiliza hadi mwisho, mtoto akiwa begani.

"Sasa umejua," alisema. "Mimi nifanye nini na hiyo habari?"



Haukupita muda mrefu, mjukuu akapandwa na homa akaanza kupindua macho. Seremala alikimbilia gari, akaliwasha, akafungua mlango wa nyuma.

"Panda, mama! Limepona, nakuapia!"

Mkewe alikitazama kile kiti, kilichosuguliwa kwa sabuni hadi kikapauka. "Sipandi." Akamsimamisha mwendesha pikipiki aliyekuwa akipita, akamfunga mtoto kifuani, wakaondoka. Seremala aliwafuata nyuma, akila vumbi lao. Mlimani gari halikusita hata mara moja. Laiti lingezimika, angeona afadhali.

Mtoto alichomwa sindano, homa ikashuka. Jioni mkewe alitoka nje amechoka, mtoto begani. Mwenye pikipiki alikuwa ameshaondoka. Seremala alisimama kando ya gari. Safari hii hakufungua mlango.

"Nipe nimbebe," alisema.

Mkewe alisita, kisha akampa mtoto, akatangulia kuteremka mlima kwa miguu. Seremala alimfunika mjukuu kwa koti lake, akaliacha gari pale getini, akamfuata mkewe.