Mamie Yupo

Kanisani wananisifu. Eti Victorine anamtunza mzee wake, Victorine ana moyo. Wakianza hayo natamani sakafu inimeze, maana wangejua nilichofanya wasingenipa hata mkono.

Mzee mwenyewe ni Papa Théodore, kaka mkubwa wa marehemu baba yangu. Alifundisha kuchora Lubumbashi miaka thelathini, na sasa haoni kabisa, presha ya macho imemmaliza. Tunaishi wawili huku ugenini, ghorofa ya tano hapa Joubert Park, katikati ya jiji. Mimi nasuka nywele na kupaka kucha rangi kwenye saluni karibu na Park Station.

Ukutani kwetu kulikuwa na picha aliyoichora akiwa kijana, akinakili kutoka kitabuni kazi ya Mholanzi mmoja wa zamani sana. Chumba, dirisha upande wa kushoto, mwanamke amesimama na barua, mwanga unamwangukia shingoni. Upande wa kulia giza, kahawia juu ya kahawia. Ila Papa Théodore aliongeza kitu ambacho Mholanzi hakukiweka: ndani ya giza lile alimchora mkewe, Mamie, amekaa. Shavu na sikio, basi. Usipotulia humwoni. Mamie mimi sikumkuta hai, na picha zake zote ziliungua pamoja na nyumba yao. Uso wake ulibaki pale tu.

Kila siku saa kumi, jua likiingia sebuleni, nilimkalisha Papa kwenye kiti nikamsimulia picha. Mwanzoni nilikuwa mkorofi. "Papa, giza lote hili la nini? Si ungepaka rangi ya kuchangamsha?" Akacheka. "Ziba giza kwa mkono, kisha utazame dirisha." Nikaziba. Dirisha likafa. Nikaondoa mkono, mwanga ukarudi. Eish! Tangu siku hiyo nikanogewa. Leo naona barua ina mkunjo, kesho naona mwanamke amelia. Papa anasema hajalia bado, ndiyo kwanza anaanza kusoma, tunabishana mpaka chai inapoa. Mwisho huuliza, "Mamie yupo?" Nami hujibu, "Yupo, Papa." Anamtakia jioni njema, tunakwenda kula.

Basi, mwezi wa tisa mwaka 2018, ikawa zamu yetu kukaribisha kikundi cha maombi. Mama Marthe, kiongozi wetu, alikuwa ameshaniambia mbele za watu, "Victorine, nyumba safi hivi, ile picha chafu vile ya nini?" Iliniuma. Mimi na sifa za watu, jamani! Papa Théodore alipolala mchana nikachukua pamba na ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, nikajaribu pembeni. Pamba ikatoka kahawia. Nikafurahi: kumbe ni masizi! Nikasugua, nikaimba, nikamimina zaidi. Dawa ikatiririka. Nilipokuja kutazama vizuri, shavu la Mamie lilikuwa kwenye pamba mkononi mwangu, na ukutani pamebaki kitambaa kitupu, nyuzi zinaonekana. Mimi niliyefundishwa kwamba giza si uchafu!

Saa kumi ikafika. "Mamie yupo?" Nikasema yupo. Ulimi haukutetemeka hata kidogo. Picha nikaifunika kitenge, maana sikuweza kuitazama, nikawa nasimulia kwa kukumbuka. Mama Marthe alikisifu kile kitenge. Nikadanganya hivyo kila siku kwa miezi mitatu.

Jumapili moja ya Desemba Papa akanikatiza. "Victorine, siku hizi hubishani."

"Nimechoka tu, Papa."

"Hapana. Zamani kila siku uliona kitu kipya. Sasa ni shingo, barua, dirisha, kwa mpangilio uleule, kama mtoto anayesema katekisimu. Hutazami wewe. Picha imekuwaje?"

Nikapiga magoti, nikamwambia yote, mpaka ile pamba. Nililia kwa aibu. Hakunifokea, na heri angenifokea. Alinyoosha mkono nimpeleke ukutani. Nikaondoa kitenge. Vidole vyake vikapita taratibu juu ya rangi, vikafika kwenye nyuzi, vikasimama.

"Mwanga wa dirishani sasa ukoje?"

"Hamna mwanga, Papa. Ni rangi nyeupe tu."

"Miezi mitatu," akasema, "umeniacha nasalimia kitenge." Akaenda chumbani kwake akipapasa ukuta, akakataa kushikwa.

Nilidhani ndiyo mwisho. Kesho yake saa kumi akaja mwenyewe, akakaa kwenye kiti chake. Mimi nimesimama mlangoni, sijui niingie au nikimbie.

"Miaka sita sijauona uso wake," akasema. "Kila siku uso huo unanitoroka kidogo kichwani. Wewe ndiye mtu wa mwisho kumwona. Sasa nipe. Anza na sikio."

Nikafumba macho nimtafute. Mungu anisamehe. Siku zote zile nilikuwa nakodolea macho dirisha na yule mwanamke wa barua. Mamie nilimtupia jicho tu ili nipate la kujibu. Sikio lilikuwa kubwa au dogo? Lilikuwa na hereni? Papa Théodore alikuwa anangoja, kichwa amekiinamisha upande wangu.

Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni kilekile.

"Yupo, Papa."