Swichi Iwe Juu

Taa zilipozimika mara ya nne asubuhi hiyo, hakuna aliyeondoka kwenye mashine yake. Wachimba makaa walikuwa wamegoma, umeme ukawa wa mgao, na kiwanda cha nyuzi kikabaki na siku tatu za kazi kwa wiki. Hata hizo zilipimwa kwa umeme: taa ikiwaka uko kazini, ikizimika umepumzika, ingawa umesimama palepale. Swichi ya mashine sharti ibaki juu. Ukiishusha, umekwenda zako.

Redio, waliyempa jina hilo kwa ukimya wake, alikwisha kuishusha mara moja. Ya pili angepoteza nafasi. Msimamizi, kaka wa mkewe, akapita na tochi.

"Shemeji, uzi umejisokota kwenye rola. Nishushe niutoe?"

"Shusha tu. Wako mia pale getini wanangoja kazi, na wote wana mikono."

Wenzake wakacheka. Redio naye akacheka, maana kucheka hakukuhitaji umeme. Kisha akaingiza mkono kwenye rola, swichi ikiwa juu.

Umeme wa kiwanda kile ulikuwa na macho, wenyewe walisema. Ulingoja mtu avue shati ndipo urudi. Ulirudi kwa muda wa kupiga chafya, ukaondoka na vidole vitatu.

Pamba ya kumfungia haikukosekana. Katibu wa chama cha wafanyakazi akaja mbio, akadai umeme ulikuwepo, kwa hiyo mtu aliumia kazini. Msimamizi akamjibu kwamba mkono uliingia gizani, wakati wa mapumziko, na nani alimtuma kuchezea mashine akiwa mapumzikoni? Walibishana mpaka katibu akachoka. Akamwinamia Redio.

"Vumilia, ndugu yangu. Tuko karibu kupewa siku ya nne. Tusiwaudhi sasa."

Msimamizi alikuwa na huruma zaidi. "Nitakutafutia ufagio, shemeji. Ufagio hautaki vidole kumi. Ila unataka mtu mtulivu."

Akaitwa wa kwanza kutoka getini. Giza lilikuwa bado. Mgeni akamulikiwa rola, uzi, na vilivyobaki ndani ya uzi. Mkono wake ukaenda kwenye swichi.

"Iache juu," akasema msimamizi.

Redio, aliyeketi juu ya robota la pamba, akafumbua mdomo. Tochi ikamgeukia usoni, ikatulia hapo. Akaufumba.

Mgeni akakunja mkono wa shati, taratibu, usichafuke.