Pombe ya Matanga

Harufu ya sabuni ya unga ndiyo iliyomsimamisha Angélique uani, kapu la mboga likiwa bado kichwani. Asubuhi alipokwenda sokoni, nyumba yao ya mtaa wa Naviundu ilinukia pombe changa. Sasa pipa la pombe lilikuwa limeinamishwa juani, safi kabisa, na mfereji umejaa povu la kahawia na nzi.

Ilikuwa pombe yake ya kwanza kufika mbali hivyo. Mahindi ya mwanzo aliyoyaotesha yalishika ukungu, akawatupia kuku. Ndipo shangazi yake Kapya akamfundisha upya: loweka, funika kwa gunia, yakichipua anika, twanga, halafu changanya na uji uliopoa. "Ukitia ndani ya uji ya moto, unaua pombe," alimwambia. Angélique alitaka iive kwa siku ya kuondoa matanga ya mama yao, mwanamke aliyewapikia pombe watu wa mtaa mzima.

Mdogo wake, Dan, alikuwa sebuleni akipiga pasi shati.

"Dan! Pombe yangu iko wapi?"

"Niliimwaga, yaya," Dan alimjibu dada yake. "Baba ya Ntumba anakuya leo kuniona kwa mambo ya ndoa yetu. Ni muntu ya kanisa. Angesema tuko balevi."

"Ungeniambia, ningeipeleka kwa shangazi!"

"Ile maji ya mahindi? Siku ya matanga nitaleta casier nzima ya bière ya chupa."

"Bière haiko pombe?" Alilitua kapu sakafuni. "Ile maji ya mahindi njo ilikusomesha chuo kikuu ya Kasapa, Dan! Mikono ya mama ilibabuka juu ya ile maji!"

Dan aligeuza shati upande wa pili. Kule kugeuza shati ndiko kulikomwasha zaidi. Angélique alitoa kuku mbichi kapuni, akamtupia mezani.

"Pikia bageni bako."

Alikuwa akiliviringisha pipa kulitoa nje ya lango wakati Bwana Mbuyi, baba yake Ntumba, anashuka garini.

"Mama, kuna shida gani?" alimwuliza Angélique.

"Dan amemwaga pombe ya matanga ya mama yetu, baba, ili weye usiisikie harufu."

Mzee yule alimtazama Dan aliyesimama mlangoni, pasi mkononi. Angélique hakungoja kusikia watakachosemezana. Alikwenda na pipa lake hadi kwa Kapya, akaloweka mahindi mengine, na ilibidi ndugu wasogeze mbele siku ya matanga.

Dan alikuja kuomba msamaha, mara ya kwanza peke yake, mara ya pili na Ntumba. Angélique aliendelea kutwanga.

Safari hii pombe iliiva. Siku yenyewe watu waliinywa, wakalitaja jina la marehemu, na wengine wakalia. Angélique alipita na kata akimjazia kila mtu. Alipofika kwa Dan, aliyekuwa amenyoosha kikombe kwa mikono miwili, alimruka.

"Angélique," Kapya alinong'ona, "ni mudogo wako."

"Najua," alijibu, akamjazia kikombe Bwana Mbuyi, aliyeketi kando ya Dan.