Alikokwenda Kamanda Kila Asubuhi

Nina udhaifu mmoja ambao mume wangu Mogesi amenisema nao tangu anioe: nikiona jambo nisilolielewa, silali. Sasa mbwa wetu Kamanda, mzee wa miaka kumi na tatu, jicho moja limeingia ukungu na miguu ya nyuma inaburuzika, alikuwa akiondoka nyumbani kila siku ng'ombe wakishakamuliwa. Anarudi jua likielekea kuzama, kifua kina tope, mgongo una majivu, na chakula hataki. Mbwa gani anashinda njiani kutwa nzima akarudi ameshiba?

Nilianza na Elia, mwenye bucha pale senta. Nilimwambia aache kumhonga mbwa wangu kwa mifupa. Akaapa kwamba hajamtia Kamanda machoni tangu mwaka jana. Sikumwamini, tukagombana mbele ya wateja, nikarudi nyumbani bila nyama.

Wiki hiyo hiyo bwana mifugo, Laurian, kijana wa Kagera aliyepangiwa kazi huku kwetu Gorong'a, alikuja kuchanja ndama. Akamshika Kamanda kifuani, akasema moyo umechoka, zimebaki siku chache, na kama tunataka anayo sindano ya kumpumzisha. Mogesi alikataa. Alisema mbwa aliyemng'ang'ania mwizi wa ng'ombe mguu mpaka majirani wakafika hauawi kwa sindano, anafia kwenye boma alilolilinda. Mchana huo akachimba shimo mwenyewe kando ya lango la zizi. Kisha akaniambia, "Kuanzia kesho asitoke. Nataka nimuage hapa." Mwanaume huyu hakutoa chozi siku tulipomzika baba yake, lakini pale ilibidi ageukie ukutani.

Nyumbani tulikuwa na mkwe pia, Eunice, mke wa mwanangu Danford. Danford anafanya kazi ya jikoni kwenye hoteli moja kule Ikoma, kwa hiyo tangu harusi ya Juni binti alikuwa akishinda na mimi. Mpole, mchapakazi, ila jioni alikuwa na kitu kilichoniudhi. Badala ya kukaa na mboga jikoni, anachukua beseni la maji, anamwosha Kamanda miguu, anamtoa kupe mmoja mmoja, na mara nyingine anaweka pua yake shingoni mwa mbwa anatulia hivyo. Nilimwambia mara nyingi kwamba mbwa si mtoto.

Asubuhi iliyofuata nilimfunga Kamanda kwa kamba ya katani kama nilivyoagizwa. Hakubweka. Alitazama bondeni tu, anatetemeka. Mogesi alikuwa amepeleka ng'ombe kwenye josho. Nikajiambia, mbwa huyu akifa na siri yake, mimi nitaibeba mpaka kaburini. Nikamfungua, nikamfuata nyuma.

Kila hatua kumi alipumzika, na mimi nikasimama kama mjinga katikati ya mihogo. Tulishuka mpaka kijitoni, akavuka maji yakimfika kifuani, na hapo nikapata jibu la lile tope. Ng'ambo alishika njia ya kilimani. Njia hiyo niliijua. Ndiyo tuliyopitishia ng'ombe wanane wa mahari mwezi wa Juni. Kamanda alikata kona moja kwa moja langoni kwa Heche, baba yake Eunice.

Kwetu hakuna mtu anayekwenda hivyo ukweni. Unatuma habari kwanza, unavaa kitenge kizuri, unabeba kitu mkononi. Mimi nilikuwa na mabuti ya shambani, kilemba kimechanika, mikono mitupu, nimeongozwa na mbwa. Nikajibanza nyuma ya ua wa katani nichungulie.

Zizini alikuwa amebaki ng'ombe mmoja mweusi mwenye doa jeupe usoni, na ndama wake mchanga. Alikuwa Nyota wetu. Kamanda alijitupa ubavuni mwake, juu ya majivu ya samadi inayochomwa kufukuza nzi, na Nyota akainamisha kichwa akamlamba lile jicho bovu.

Nyota alizaliwa miaka tisa iliyopita na mama yake akafa siku hiyo hiyo. Kamanda ndiye aliyelala naye akimpa joto mpaka akasimama, na tangu hapo hawakuwahi kulala mbalimbali. Tulipochagua ng'ombe wa mahari tulijadili rangi, maziwa na pembe. Mbwa hakuna aliyemkumbuka. Nililia pale pale, na kujificha kwangu kukaishia hapo.

"Mama Danford, unamficha nani uso?" Alikuwa Matiko, mama yake Eunice, ameshika kikombe cha maziwa ya Kamanda. Nilimweleza yote kwa aibu. Hakucheka. Alinipa kigoda na uji, akanisikiliza nikisema kwamba nimekuja kumchukua, shimo limeshachimbwa na mwenye mbwa anataka kumuaga.

Tukajaribu kumwinua. Kamanda aliguna kwa maumivu, na Nyota akatufuata mpaka langoni akiita. Matiko akasema basi nimchukue na ng'ombe kwa siku mbili. Kisha tukakumbuka wote wawili. Ng'ombe wa mahari akionekana anarudi alikotoka, maana yake ni moja tu: ndoa imevunjika. Kabla ya saa sita Gorong'a nzima ingekuwa inaulizana Eunice amefanya nini.

Matiko akakaa chini, akaanza kupitisha vidole kwenye nyayo za mbwa.

"Eunice simu anapiga," akasema. "Kila siku ananiambia mama, niko mzima. Lakini anasema hivyo wewe ukiwa umekaa hapo pembeni. Kwa hiyo namwangalia huyu. Akija miguu imeoshwa, kati ya vidole hamna samadi kavu ya jana, kupe hana, najua mwanangu ana nguvu na ana nafasi ya kukaa kidogo. Kuna wiki ya Agosti alikuja mchafu siku tano. Sikulala."

Wiki ile ya Agosti ndiyo niliyomnyang'anya Eunice beseni, nikamwambia ni la vyombo. Sikuweza kumwambia Matiko. Nilikunywa uji nikatazama chini, nikamwacha Kamanda pale alipotaka kuwa, nikarudi peke yangu.

Mogesi alinikaripia, na nilistahili. Nilipomaliza kumweleza, akachukua jembe akalifukia lile shimo.

Eunice alikuwa mlangoni, beseni limejaa maji, anaangalia njia. Nadhani alijua siku zote mbwa anatoka wapi. Binti hasahau harufu ya majivu ya zizi la kwao.

"Leo hajaoshwa," nikamwambia. "Kesho beba hilo beseni uende kwenu ukamwoshe."

"Nirudi lini, mama?"

"Ukimuuliza mama yako atakwambia."

Asubuhi Mogesi alitangulia na jembe begani, akachimbe shimo jingine kule, na jogoo mkononi, kama anavyokwenda mtu ukweni. Eunice alikuwa nyuma yake, beseni kichwani, karibu anakimbia. Mimi nilipita senta kwanza kumwomba radhi Elia.

Kamanda alikufa siku ya tatu. Matiko ndiye aliyenipigia simu. Alisema kafa amemwegemea Nyota, na miguu yake ilikuwa misafi.