Macho ya Mize

Kwa ulimi, kisiwa cha Jibondo hakikuwa na mwingine kama Chiku binti Hemedi. Wanawake wanaolima mwani walimchagua mwenyekiti kwa ulimi huohuo: mnunuzi akija na ubabaishaji, Chiku alimwosha mpaka akasahau alichokuja kusema.

Safari hii hakuja mnunuzi. Alikuja Benedicta, mtaalamu wa afya za wafanyakazi kutoka bara. Alitumwa na mradi uliowaingiza wanawake kwenye mwani pale hifadhi ya bahari ilipobana uvuvi. Alitaka kujua kama kuinama majini, jua likimulika usoni na chumvi ikirukia machoni, kunawadhuru. Ikithibitika, mradi utanunua miwani ya kukinga macho, na wagonjwa watapelekwa hospitali Kilindoni. Isipothibitika, basi, kila mtu na macho yake.

Alimkuta Mize pwani kati ya wenzake, akifunga mwani kwenye kamba, macho mekundu, yakichuruzika.

"Dada, macho haya yameanza lini?"

Mize hajafungua kinywa, Chiku kadakia. "Huyu? Yamemwiva kwa kumchungulia mume wangu!"

Wanawake walicheka mpaka mwani ukawatoka mikononi. Mize ni mtoto wa mjomba wake Chiku, na binamu kwa binamu ni watani, hawakasirikiani.

"Nichungulie nini pale," Mize akajibu, "zile mbavu?"

Chiku akaona uwanja umenoga. "Mama mtaalamu, usihangaike. Huyu mvivu wa kuchanja kuni. Anapika kwa makumbi mabichi ya nazi, anapuliza mpaka moshi unamtokea masikioni. Mwani una kosa gani?"

"Ni kweli, mama?" Benedicta akamuuliza Chiku.

"Haki ya Mungu!"

Benedicta aliandika. Mize alicheka na wenzake huku akijifuta kwa ncha ya kanga. Angefanya nini? Anayetaniwa akisema "naumwa", kashindwa.

Mwezi ulipita, wakaitwa darasani kusomewa majibu. "Wanaolalamika macho wote wanapikia kuni," Benedicta alisema. "Na yule aliyezidiwa kuliko wote, mwenyekiti wenu alinihakikishia kwamba ni moshi. Ushahidi wa kuutia mwani hatiani haukutosha. Miwani haitanunuliwa."

Chiku alimtazama binamu yake kwenye dawati la mbele. Mize alikuwa amegeuza shingo upande, anamfuata msemaji kwa jicho moja kama kuku. Tangu lini? Mtu anayeshinda naye majini kila bamvua, maji yakupwapo mbali, na yeye hana habari. Uso ukamwaka. Akasimama.

"Mimi siku ile nilitania."

Darasa likaangua kicheko.

"Jamani, nilisema uongo. Makumbi mabichi niliyatunga."

"Na leo anatunga jingine!" Sabra akapiga kelele kutoka nyuma. "Apa tena, mwenyekiti! Apa tukusikie!"

Walipiga madawati. Maisha yake yote Chiku alikuwa akitafuta kicheko kama hiki, na sasa kilimwangukia kama maji ya kuoshea samaki. Ni Benedicta peke yake ambaye hakucheka.

"Mama, nimwamini yupi? Chiku wa siku ile pwani, au huyu wa leo?"

"Usimwamini hata mmoja. Muulize Mize mwenyewe. Mimi natoka."

Akatoka. Alikaa nje chini ya dirisha, kanga kaivuta mpaka usoni. Ndani kicheko kilikufa chenyewe kwa kukosa mchekeshaji, ndipo sauti ya Mize ikasikika, ndogo.

"La kushoto naona kama nimefunikwa kitambaa kibichi. Nilipokwenda Chole msibani nilipika kwa kuni mchana na usiku, macho yakatakata. Nimerudi majini, yakarudi vilevile."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningesemaje, na watu wanacheka?"

Nje, Chiku aliuma ncha ya kanga.

Benedicta alisema ile hukumu ameifuta. Ataanza upya, kila mtu peke yake, na atawauliza pia wanawake wanaopikia kuni lakini hawaingii kwenye mwani. Miwani ingesubiri majibu hayo. Mize asingesubiri: kesho asubuhi apande boti, aende Kilindoni.

Asubuhi Chiku alimbebea mkoba mpaka ufukweni. Njia nzima alitafuta maneno ya radhi, asiyaone, maana hakuwahi kuyatumia. Akashika aliyoyazoea.

"Haya, mwizi wa waume. Ukifika huko usimkonyeze daktari."

Akangoja kujibiwa. Hata tusi angelipokea kwa mikono miwili.

Mize alitengeneza kanga kichwani, akainamisha uso.

"Shikamoo, dada."

Tangu utotoni Mize hajapata kumwamkia. Nani anamwamkia mtani wake? Chiku akapapasa ulimi wake wote atafute la kurusha, lakini shikamoo ina jibu moja tu.

"Marahaba," akasema, akampa mkoba.