Baiskeli ya Msoma Mita

"Mimi baiskeli sikujifunza," Nukta alisema akiwa mlangoni anapiga mswaki, povu likimrukia kila asiyejihadhari. "Baiskeli ndiyo iliyojifunza kunibeba. Muulize yeyote kwetu. Nilikuwa naachia mikono yote miwili huku namenya chungwa."

Mkewe hakumuuliza yeyote. Alikuwa amechuchumaa pembeni mwa chumba, anafagia kipande cha sakafu ambacho mpaka jana jioni kilikuwa chini ya friji. Friji lenyewe lilikuwa dogo, la kufika kiunoni, na lilikoroma usiku kama mlevi. Lakini liligandisha vifuko vya barafu, na barafu ndiyo iliyolisha nyumba kila mshahara wa mume ulipochelewa. Mshahara huo nao ulichelewa kama bibi harusi.

"Nimekusikia, baba watoto," mkewe alisema. "Ila leo ukirudi bila kazi, hatuna mshahara wala barafu. Tutauza nini tena, vumbi?"

"Nitarudi nimeikalia mpaka hapa mlangoni. Wewe andaa makofi tu."

"Makofi yapo. Sijasema nitayapiga wapi."

Nukta alicheka, akasukutua, akaondoka haraka kabla ya kuulizwa jingine. Maana jambo lenyewe lilikuwa hivi: baiskeli aliijua sana, ila aliijua kutokea kwenye karia. Utoto wake wote alipelekwa shule na mjomba wake, yeye amekaa nyuma kama gunia, na kilichobaki kichwani mwake ni mgongo wa mjomba na matundu ya shati la mjomba. Usukani hakuwahi kuushika, labda kuuegemeza ukutani.

Alikuwa msoma mita wa kampuni ya maji. Jina la Nukta alipewa kazini kwa sababu ya kimo chake, na hawakumwonea. Siku chache kabla ya hapo mkuu wao, waliyemwita Kanuni kwa kuwa hakuwahi kufungua kinywa bila kuitaja, aliwapanga uani akatangaza kwamba nauli ya wasoma mita imefutwa. Walitazamana. Nauli gani? Walikuwa hawajaiona tangu mwaka uanze. Sasa kila mmoja aje na baiskeli yake, helmeti yake na kizibao chake cha kung'aa. Ukaguzi Ijumaa, saa tisa alasiri. Asiye navyo, au asiyejua kupanda, asijisumbue. Pale getini kuna vijana wanaoshinda juani wakisubiri mtu mmoja tu ateleze.

"Kuna asiyejua kupanda hapa?" Kanuni aliuliza.

Nukta alikuwa mstari wa mbele, maana wafupi hupangwa mbele, na macho ya Kanuni yalitua kwake. Mdomo ukamponyoka: "Bosi, ungeuliza kama kuna asiyejua kutembea." Watu walicheka, Kanuni naye akacheka, na kuanzia hapo Nukta hakuweza tena kumwomba mwenzake yeyote amfundishe. Atamwendea nani, na kwa uso upi?

Ndiyo maana Ijumaa hiyo asubuhi alikuwa peke yake kwenye soko la baiskeli za mitumba, bei ya friji ikiwa imekunjwa ndani ya soksi. Baiskeli zilining'inia kwenye kamba kwa magurudumu yake ya mbele kama ng'ombe waliochinjwa. Muuzaji, jamaa mrefu mwenye aproni nyeusi kwa grisi, alimwona akiwa bado mbali.

"Karibu, kiongozi! Unataka ya kazi au ya mapozi?"

"Ya kazi. Na mimi mzoefu, usinizungushe."

"Mzoefu!" Muuzaji alipiga kofi la furaha. "Ndio tunaowatafuta. Mgeni tunamhurumia. Mzoefu tunamuuzia."

Kwenye kibanda cha jirani mwanamke aliyekuwa anauza helmeti na glovu kuukuu alicheka bila kuinua uso. Alikuwa anafuta helmeti kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko helmeti. "Kaka," alisema, "usipoteze muda. Ya kwako ni ile nyekundu pale, fupi, bomba lake la juu limeinama. Bei yake pia ya kibinadamu."

Nukta aliitazama. Ilikuwa na kikapu mbele na kengele yenye picha ya ua. "Ile? Ile si ya wanafunzi wa kike?"

"Ni ya mwenye miguu inayofika chini. Ukisimama nayo katikati ya miguu, nyayo zote zikakanyaga ardhi na bomba halikugusi, hiyo ni yako. Likikugusa, utaimba sauti ya kwanza mpaka uzeeni."

Muuzaji alicheka kwa nguvu. Nukta akaona picha nzima: yeye, kikapu na ua, anaingia getini kwa Kanuni. Akageuka akanyooshea kidole baiskeli nyeusi iliyosimama mwisho wa mstari. Ilikuwa ndefu, imenyooka, ina taa ya dainamo na kiti cha ngozi, baiskeli ya mtu anayeheshimiwa na mbwa.

"Nishushie ile."

Ilipofika chini, kiti chake kilimfika karibu na mbavu. Nukta alijikaza kisabuni, akashika usukani, akainua mguu ili avuke. Muuzaji akamdaka goti.

"Taratibu, mzee. Sheria ya soko: mguu ukivuka bomba, mali imeuzwa. Zamani tuliwaacha watu wajaribu, tukabaki tunatazama migongo yao inavyopotelea barabarani."

"Sasa nitajuaje kama inanitosha?"

"Si mzoefu wewe?"

Nukta alikumbuka mjomba alivyokuwa akipima: kiwiko kwenye ncha ya kiti, vidole vinyooke mpaka usukani. Akaweka kiwiko. Vidole vikaishia hewani, usukani ukiwa mbali kama nyumba ya mkwe. Akasukuma bega, akainama, akajinyoosha mpaka shati likachomoka, ncha ya kidole kirefu ikagusa chuma.

"Kipimo chake kabisa," alisema, akivua soksi.

Yule mwanamke alitikisa kichwa, lakini biashara ni biashara. Alimvisha helmeti moja, akapitisha vidole viwili juu ya nyusi zake, akamwamrisha atikise kichwa. Haikucheza. Ilikuwa na mkwaruzo mmoja tu na bei ya huruma. Akamtafutia kizibao cha kung'aa ambacho kung'aa kwenyewe kulikuwa kumeanza kustaafu, na glovu zisizo na vidole. "Kichwa chako nimekitengeneza," alimwambia. "Huko chini ulikataa mwenyewe."

Nyuma ya soko kulikuwa na kichochoro kisicho na watu. Nukta aliegemeza baiskeli kwenye ukuta, akapanda juu ya tofali, akavusha mguu, akakaa. Alipokuwa juu pale dunia ilionekana nzuri. Akajisukuma ukutani. Pedali ya kulia ikashuka na mguu wa kulia ukaifuata, lakini pedali ilishuka mpaka mahali ambapo mguu wa Nukta haukuwa na safari. Akateleza kutoka kwenye kiti, akaangukia bomba.

Hakulia. Sauti haikutoka. Aliona nyota mchana kweupe, akalala upande wake na baiskeli juu yake, suruali imepasuka gotini. Alipoweza kupumua alijaribu tena, kisha tena, na mara zote bomba lilishinda.

Alirudi kwa muuzaji akitembea kama mtu aliyebeba yai katikati ya mapaja.

"Ndugu yangu, nibadilishie. Nipe ile nyekundu, tena ya bei rahisi. Chenji kaa nayo."

Muuzaji alitazama goti lililopasuka, akatazama bomba. "Mguu umevuka?"

"Umevuka, lakini..."

"Basi hiyo sasa ni mali yako, na mali yako mimi nainunua kwa bei ya kununulia." Akataja bei. Nukta alidhani amesikia vibaya. Hata nusu haikufika.

"Imepita nusu saa tu! Haijachakaa hata..."

"Imeanguka. Mkwaruzo ule pale, haukuwepo. Halafu ile nyekundu imeshapata mtu, kijana mmoja hivi, msoma mita. Alisema leo wana ukaguzi." Akamgeukia mteja mwingine. "Karibu, kiongozi! Ya kazi au ya mapozi?"

Kutoka sokoni mpaka ofisini ni kuvuka mji. Nukta alivaa helmeti, akafunga kizibao, akashika usukani na kuanza kukokota. Jua lilimpiga juu ya plastiki mpaka akahisi ubongo unapikwa. Makondakta walimpigia mbinja. "Mzee, inakutembeza au unaitembeza?" Mwingine: "Ipe kamba, iende yenyewe!"

Mbele ya benki askari wa manispaa akanyanyua rungu. "Baiskeli kwenye njia ya waenda kwa miguu? Shuka barabarani."

"Afande, sijaipanda. Mimi mwenyewe naenda kwa miguu."

"Wewe unaenda kwa miguu. Hii ina miguu?" Askari aliikagua, akapendezwa na taa. "Panda, ondoka. Au twende kituoni."

"Ina pancha."

Askari aliminya tairi la mbele, akaminya la nyuma. Yalikuwa magumu kama mawe. Wakatazamana. Kisha macho ya askari yakatua kwenye mikono ya Nukta na kukaa hapo, na Nukta akaelewa bila kuambiwa. Alivua glovu. Askari akajaribu moja, akakunja ngumi, akaifungua. "Nenda. Lakini sheria uijue."

Akakokota. Alivuka daraja, akapandisha, akafika kwenye mteremko mrefu unaoishia geti la ofisi, mteremko ambao hata watoto wenye vigari vya mabati huushuka wakipiga kelele. Alisimama juu, akatazama chini. Aliwaza kukaa tu kwenye kiti na kumwachia Mungu. Lakini mwili ulikuwa bado unalikumbuka bomba, nao ulikataa. Akashika breki zote mbili akaishusha hatua kwa hatua, baiskeli ikimvuta kama mbuzi.

Karibu na geti alijifuta jasho, akaweka mguu mmoja kwenye pedali, akajiburuza mita chache za mwisho kwa mguu wa pili, kama mtu anayeshuka sasa hivi. Vijana wa getini walimwangalia.

Kanuni alikuwa ukumbini, palepale kwenye dirisha la malalamiko ambako wateja wamepanga foleni na bili zao mkononi. Nukta aliingiza baiskeli, Kanuni akapiga teke tairi. Akawasha taa. Akaivua helmeti kichwani kwa Nukta, akaitazama ndani kama anayetafuta chawa.

"Hii umenunua wapi?"

"Sokoni, bosi. Inanikaa vizuri."

"Kwa mujibu wa kanuni, helmeti ni ya stoo ya ofisi. Utapewa, utakatwa kwenye mshahara."

"Mshahara upi, bosi? Ule wa mwezi uliopita au ule wa kabla yake?"

"Ukiendelea kuuliza, ule ujao." Kanuni alimrudishia helmeti. "Umeipanda mpaka hapa?"

"Nimeipanda mpaka imeomba maji."

Kanuni alitikisa kichwa kuridhika, na alikuwa ananyanyua mkono kumwonyesha mlango wa waliopita ukaguzi, mama mmoja mtu mzima alipokaribia kutoka kwenye foleni. Viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi, na bili aliishika kwa ncha za vidole kana kwamba inanuka.

"Baba, wewe ndiye mkubwa hapa? Mimi naishi peke yangu na ndoo mbili. Karatasi hii inasema nimetumia maji ya kufulia jeshi zima, na Jumatatu mnanikatia. Mwaka mzima huu sijaona mtu kuja kusoma mita yangu."

Wasoma mita wote walijua ukweli. Bila nauli, nani angefika huko? Kila mwisho wa mwezi walikaa chumba cha nyuma, na Kanuni mwenyewe aliwaambia: chukueni hesabu ya mwezi uliopita, mwongeze kidogo. Mtaa wa yule mama ulikuwa mtaa wa Nukta. Hicho kidogo alikiongeza yeye.

Kanuni alitabasamu. Akaushika usukani wa baiskeli nyeusi, akaivuta mbele ya watu kama anayeonyesha ng'ombe wa mahari.

"Mama yangu, wasoma mita wetu wanafika kila nyumba. Wa mtaa wako ndiye huyu. Usafiri huo, helmeti hiyo. Au siyo, Nukta? Ulifika, hukufika?"

Alimtazama Nukta kwa jicho ambalo halikuhitaji kanuni yoyote. Upande wa pili wa ua, nyuma ya vyuma vya geti, vijana walikuwa wamesimama.

Nukta alimgeukia yule mama. "Nilifika, mama."

"Ulifika kwangu?"

"Kila mwezi. Pengine ulikuwa umetoka."

"Kwa baiskeli?"

"Kwa baiskeli hii hii."

Yule mama aliitazama baiskeli kuanzia taa mpaka karia. Akatazama goti lililopasuka. Alipomtazama usoni, alimtazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyouma.

"Mwanangu," alisema, "mimi leo sina nauli, nimekuja kwa miguu, na kuanzia darajani nimekuwa nyuma yako. Nikadhani una pancha, nikasema maskini, nikimfikia nitampa pole. Nikatazama matairi, mazima. Nikasema basi amechoka, anapumzika. Lakini tulipofika pale kwenye mteremko ukaishusha kwa miguu, umeishikilia kwa mikono yote miwili kama mgonjwa, hata mimi nikakupita." Akamgeukia Kanuni, bili bado mkononi. "Kwa mwendo ule, baba, huyu kama alitoka hapa mwezi wa kwanza kuja kusoma mita yangu, bado yuko njiani."

Foleni nzima iliangua kicheko. Kanuni alicheka kuliko wote, akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akauachia usukani, na kabla baiskeli haijafika sakafuni alikuwa ameshamwita mlinzi amwingize kijana mmoja kutoka getini.