Kiti cha Kutazama Dirisha

Mpambaji wa nyumba yule hakuchoka kuwaambia wateja wake kwamba mwanga wa jua hauna gharama, kazi ni kuutuliza. Maneno matamu hayo. Nyumbani kwake mwenyewe sasa, akafanya madudu!

Mama mkwe wake alifiwa na mumewe, akaja kukaa na mpambaji na mume wake. Mpambaji akaona hapa ndipo pa kumwonyesha mapenzi. Akabomoa ukuta wa sebule, akaweka dirisha la kioo kutoka sakafuni hadi darini, akapaka kuta rangi nyeupe ya kung'aa. Kiti kizuri kuliko vyote akakielekeza dirishani, mama aone bustani. Yeye alikaa mkabala naye, dirisha mgongoni, akitabasamu mpaka taya zikamuuma.

Haukupita muda, mama akafungasha virago. Mpambaji alimkuta kitini, mkoba miguuni, anamsubiri mwanawe ampeleke kituoni.

"Mama, kwani nimekukosea nini?" Mpambaji alilelewa bila mama, na huyu alikuwa amekwisha kumzoea. Tena mama akirudi kwenye nyumba yake tupu, nani angemwangalia?

"Hujanikosea, mwanangu. Ila tangu nije hujanichekea hata siku moja. Mtu mzima akichokwa anajua."

"Mimi? Sijacheka mimi?" Almanusura apandishe sauti. Akachuchumaa kando ya kiti kuuzuia mkoba usiondoke.

Hapo mume akaingia, akasimama mbele ya dirisha. "Gari linaunguruma nje. Twendeni."

Mpambaji akainua macho, akaduwaa. Jua lilikuwa limewaka nyuma ya mumewe, na zile kuta za kung'aa zikamwumiza macho. Uso wote wa mume ulikuwa mweusi tii, pua haionekani, mdomo hauonekani.

"Wewe, umenuna au unacheka?" akamuuliza.

"Nacheka. Kwa aibu tu, nifanyeje?"

"Mungu wangu! Kumbe mama anaongea na kivuli siku zote hizi!"

Alitoka mbio, akaanua shuka jeupe jepesi kambani, akalitundika dirishani. Akavisukuma viti vyote viwili vikae ubavu kwa dirisha, mwanga uwaangukie kwa pembeni. Jua likapoa mle ndani. Akaketi, akahema, akamtazama mama mkwe wake.

Mama akainama mbele. Akamshika kidevu, akamgeuza taratibu huku na huku kama anayechagua nyanya.

"He! Mbona macho yameingia ndani hivi? Hulali?"

"Silali, mama." Machozi yakamtoka. "Tangu umekuja, naogopa utaondoka."

Mama akamfuta mashavu kwa ncha ya khanga yake. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Nenda kazime gari. Na huu mkoba uutoe hapa, mke wako asije akajikwaa."